Buti za Osward

Zahanati ya Mwalwi,
Ileje.
9 Oktoba 2024

Mjomba Yonasi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Najua utanicheka kwamba nakuandikia barua wakati simu ninayo, lakini huku mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu nyuma ya kanisa, na hapo pia kuna foleni. Barua hii nampa kondakta wa basi la Itumba, akishafika Tunduma ataileta kibandani kwako.

Nina ombi la kikazi. Nilikusimulia habari za Lukanda, kile kijiji kilichoko nyuma ya migongo mitatu ya milima ambako gari halijawahi kufika. Chanjo tulikuwa tunazipeleka kwa miguu, siku nzima, na mara mbili barafu iliyeyuka kabla hatujafika. Nikawarudisha kina mama waliokuwa wamesubiri tangu alfajiri. Mjomba, hakuna kazi mbaya kama kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni kwamba dawa imeharibikia njiani.

Mwaka huu tumepewa pikipiki. Anayeendesha ni mlinzi wetu, Osward. Njia yenyewe ni ya mbuzi: mawe, mizizi, tope, na mito miwili isiyo na daraja. Anaendesha na magambuti. Juzi moja lilijaa maji, likamchomoka, na mguu mtupu ukagusa bomba la moshi. Mvua za Novemba zinakuja. Nakuomba umchagulie buti za kumlinda. Mguu wake si mkubwa, ni namba thelathini na tisa.

Mama usimsumbue na habari hizi za pikipiki. Unajua alivyo.

Mpwa wako,
Tusekile


Kibandani, Sokoni Tunduma.
14 Oktoba 2024

Mpwa wangu Tusekile,

Marahaba. Barua imefika ikinuka dagaa, maana kondakta aliifungasha pamoja na mzigo wa mtu. Kuisoma nimeisoma vizuri tu.

Mwambie huyo Osward kwamba gambuti ni la shambani. Kwenye pikipiki ni soksi ya mpira, halishiki kifundo, na likijaa maji linakuwa ndoo. Kisha asije akadanganywa na buti za migodini zinazovushwa kutoka ng'ambo, zile zenye chuma puani. Jana tu Mzambia mmoja alinibwagia jozi tano mezani, akaniamkia kwa lugha ya kwao, "Shani mukwai, hizi hazifi!" Nikamwambia kweli hazifi, atakufa anayezivaa. Pua nene namna ile haiingii chini ya gia. Mtu atainua mguu mzima kutafuta gia wakati mteremko unamvuta, na ameshaanguka.

Zipo pia zile ndefu za mashindano, ngumu kama bomba la maji. Ukiwa ndani yake hata jiwe likikupiga unalisikia kwa mbali. Lakini hazitembeleki, na huyo wako atashuka, atasukuma, atavuka maji na kasha la chanjo kichwani. Anahitaji kitu cha katikati: kirefu cha kufunika ugoko, kigumu pembeni ili kifundo kisipinde, laini mbele ili gia aisikie, soli yenye meno, na ngozi inayotema maji.

Ila mimi sichagui buti kwa namba. Namba inataja urefu tu, haisemi mtu anakanyagaje. Nitumie viatu vyake vya zamani, alivyovivaa mpaka vikachoka, na msivioshe. Ndio utaratibu wangu miaka thelathini, hata mchungaji alinipa vyake vikiwa na matope.

Mama yako sitamwambia. Miaka minne tangu pikipiki imlalie kaka yako Rubeni pale Vwawa na kumwondolea mguu, na bado dada yangu hajalala vizuri. Alivyotuapisha wote kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayeshika pikipiki, nilikuwepo, na wewe ulikuwepo. Afadhali anayeendesha ni Osward.

Mjomba wako,
Yonasi


Zahanati ya Mwalwi,
20 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Viatu vya Osward ndio hivyo, havijaoshwa, unisamehe harufu. Mwenyewe ameshangaa sana, anasema tangu azaliwe hajasikia mtu akiagiza uchafu wake. Ni namba arobaini, lakini anasema vinampwaya kidogo, kwa hiyo uchukue thelathini na tisa kama nilivyosema.

Asante Mjomba.

Tusekile


Kibandani,
3 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Zimepatikana! Keti kwanza, nikusimulie.

Alhamisi lilifunguliwa belo la mitumba, viatu vya michezo, wanawake wakawa wanagombania raba. Mimi mkono wangu ulikwenda chini kabisa, nikagusa kitu kizito, nikavuta. Tusekile, nimeshona viatu tangu sijaota ndevu, na nilikaa chini nimezipakata kama mtu aliyepewa mtoto. Ni za mwendesha pikipiki wa milimani hasa. Ngozi nene ya kahawia, kibao cha plastiki mbele ya ugoko, bizimu nne, na pembeni mwa kifundo kuna kipande kigumu kinachokunjika mbele na nyuma lakini kinakataa kabisa kwenda upande. Kuna mtu mahali fulani duniani alikaa akaufikiria mguu wa binadamu mfupa kwa mfupa. Nilifunga kibanda mapema nikaenda nazo nyumbani kuziangalia tu.

Viatu vya Osward nimevisoma. Anakanyaga kwa nje, kisigino kizito, mguu mpana, na kifundo kinene kama cha mpagazi. Kwa hiyo nimezifungua kwa ndani na kupunguza sponji inayokumbatia kifundo, apate nafasi. Sasa zitamkaa yeye na si mtu mwingine.

Mwambie azivae nyumbani wiki nzima kabla ya kuzipandia pikipiki. Afunge bizimu kuanzia chini kwenda juu. Akishafunga, ajaribu kuinua kisigino. Kikiinuka, asiondoke, anirudishie. Hilo la kisigino umwambie mara tatu.

Yonasi


Zahanati ya Mwalwi,
2 Desemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Buti zimemkaa vizuri sana, kisigino hakiinuki. Asante. Hata sijui nikushukuru vipi.

Osward ameshakwenda nazo Lukanda mara mbili na ameniambia mambo ambayo lazima nikuandikie. Anasema zamani macho yake yalikuwa chini saa zote, akiogopa kila jiwe. Sasa anasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea kidogo, pikipiki inacheza chini yake na yeye anatazama mbele. Na akitazama mbele, Mjomba, ndipo anapoona alikuwa anapita wapi!

Mgongo wa tatu ukiufikia asubuhi, mawingu yako chini yako. Yamejaa bondeni kote, meupe, yametulia, na vilele vya ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, vimechomoza vitupu. Hakuna sauti. Alizima injini siku ya kwanza akasimama tu pale, akaanza kuomba bila kujua anaomba nini. Halafu upepo ukafungua tundu kwenye mawingu na mle ndani, mbali kabisa chini, akaona paa la shule ya Lukanda na vitu vya rangi rangi vimejipanga mstari. Kanga. Kina mama walikuwa wameshapanga foleni kabla haijajulikana kama anakuja.

Anasema alijiona mdogo sana, na wakati huohuo akajiona ametumwa. Watoto arobaini na mmoja walichanjwa siku hiyo, na barafu ilikuwa bado ngumu.

Tusekile


Zahanati ya Mwalwi,
15 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka. Osward alianguka Jumanne kwenye mto wa pili. Jiwe lilibingirika chini ya gurudumu, pikipiki ikamlalia mguu wa kushoto. Ni mzima, usiwe na wasiwasi, kifundo tu kimevimba. Kasha halikufunguka, chanjo zote zilikuwa salama.

Bizimu mbili zimevunjika, nakuletea buti uzitengeneze. Tafadhali zirudi mapema. Tarehe tano Februari ni siku ya Lukanda, na mvua imeshaharibu njia.

Tusekile


Zahanati ya Mwalwi,
10 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya nne hii hujajibu. Kondakta anaapa kwamba mzigo alikukabidhi mkononi. Tarehe tano Osward ilibidi aende na magambuti. Nimekukosea nini?

Tusekile


Kibandani,
16 Februari 2025

Tusekile,

Sikujibu kwa sababu sikujua niandike kwa hasira au kwa kitu kingine ambacho hadi leo sijakipatia jina. Sasa tulia, usome mpaka mwisho.

Buti zilipofika nilianza na bizimu. Kisha nikachomoa soli ya ndani ili ikauke. Kwanza ikatoka pamba mbele ya vidole. Pamba nyeupe, ya zahanati. Nikajiuliza, Osward mwenye mguu mpana anaweka pamba ya nini? Nikaibeba soli mlangoni penye mwanga. Jasho na tope vilikuwa vimechora mguu mzima juu yake. Mguu mwembamba. Na kidole cha pili kimempita kaka yake, kile kikubwa, kwa upana wa punje ya mahindi.

Mguu huo naujua. Ni wa mama yangu, bibi yako, aliyetuvusha mito mgongoni. Mama yako Loisi anao. Nilikuwa sijawahi kuuona mahali pengine mpaka siku wewe, mtoto wa Loisi, ulipoletwa kwangu kushonewa viatu vya kuanzia shule. Nilikaa na soli ile mkononi mpaka jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Halafu nikazisoma buti zenyewe. Nje ya ile ya kushoto kuna mkwaruzo kuanzia ugokoni hadi kifundoni, mrefu kama shibiri, umekula plastiki nusu. Mkwaruzo ule ulikuwa wa mfupa wako, mwanangu. Buti ndiyo iliyoupokea. Lakini ndani, ngozi ya kisigino imesuguliwa na kuinuka mara elfu. Mguu ulikuwa unaogelea. Sponji niliyoitoa kwa mkono wangu, kwa ajili ya kifundo cha mlinzi, ndiyo ingekushika. Ulinitumia viatu vya mtu mwingine, na mimi na ujuzi wangu wote nikaharibu buti iliyokuwa inakufaa. Wewe ulinidanganya, mimi nikakuumiza kifundo. Ndivyo ninavyoliona.

Basi nikaamua nije nikukamate sikio. Ulikuwa umetaja tarehe tano. Nikalala Itumba, alfajiri nikapanda mlima na wanawake wawili wa Lukanda waliotoka sokoni, mmoja na mtoto mgongoni. Kwenye mto wa pili nilikaa juu ya jiwe, nyuma ya kichaka, nikasubiri kwa hasira zangu.

Nilikusikia kabla sijakuona. Kisha ukatokea juu kule kwenye ukingo, umesimama, kasha limefungwa nyuma, na ile njia ikiteremka mbele yako kama ukuta. Nilitaka kupiga kelele. Ukashuka. Taratibu, ukichagua jiwe baada ya jiwe, mwili umetulia. Sijawahi kuona mtu ametulia vile mahali pa kufia. Ukafika majini, ukavua magambuti, ukavusha kwanza kasha kichwani, peku, ukichechemea. Ukarudi. Ukaisukuma pikipiki maji yakikufika mapajani, ukiwa unaimba kitu ambacho sikukisikia. Mimi mzee wa miaka sitini na moja niliyekuja kukamata sikio la mtu, niliushika mdomo wangu kwa mikono miwili.

Mmoja wa wale wanawake akaninong'oneza, "Huyo ndiye nesi wetu. Mwanangu huyu wa mwisho ana chanjo zote. Wa kwanza hakupata, surua ikamchukua." Hakujua mimi ni nani wako. Nikashindwa kujitokeza. Ulipopotea mlimani nikashuka hadi ukingoni, nikapiga magoti kwenye tope pale ulipokanyaga peku, nikapima nyayo zako kwa uzi. Unyayo wa kushoto haukuwa na kisigino. Ulikuwa hujapona, na ulikwenda.

Niliporudi nilifumua kila kitu. Nimerudisha sponji na kuiongeza, nimebana kifundo, nimepunguza nafasi ya mbele, bizimu nimeweka mpya. Mara hii zimekatwa kwa nyayo zako mwenyewe. Usizivae kabla uvimbe haujaisha. Nikisikia umezivaa kabla, safari hii nitatoka nyuma ya kichaka.

Na mimi nina langu la kukuambia, kwa kuwa tumeshaanza kuambiana. Siku Rubeni alipoumia alikuwa amevaa katambuga. Nilizikata mimi, kutoka kwenye tairi zuri, nikazisifia kabisa. Miguu yake ilikuwa wazi, juu ya pikipiki, barabara kuu, na mimi mshona viatu nilimpungia mkono akiondoka. Kila mtu alilaumu lori lililomsukuma. Mimi sijawahi kumwambia Loisi kwamba nilipoletewa habari, cha kwanza nilichokifikiria ni zile katambuga. Jumapili iliyopita nilikwenda kwake Itaka nikamwambia. Alikuwa anachambua kahawa. Alisikiliza, akaendelea kuchambua, kisha akanipa uji. Nimekaa miaka minne nikiogopa uji ule.

Yako sikumwambia. Hayo ni yako wewe. Lakini usimwachie ayasikie kwa mtu mwingine.

Mjomba wako,
Yonasi


Zahanati ya Mwalwi,
27 Machi 2025

Mjomba wangu Yonasi,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua yako niliisomea juu ya lile jiwe la mtandao, watu wakanipisha wakidhani nimepata msiba. Nisamehe. Nilisema ni Osward kwa sababu dereva wa kwanza alikimbia kazi baada ya wiki mbili, na Osward haijui pikipiki hata kuiwasha. Hakukuwa na mtu. Nilijifunza kwenye uwanja wa shule jioni, na kila nilipoiwasha nilimwona Mama akinyoosha kidole na kutuapisha. Nilikuwa naapa tena moyoni kwamba ni safari ya mwisho. Kisha nakumbuka ile foleni.

Kifundo kimepona. Nilisubiri mpaka uvimbe ukaisha, kama ulivyosema. Buti zinanishika pande zote, na gia naisikia kama niko peku.

Sasa habari za Mama. Nilimwita aje kunitembelea, akaja na basi la Jumatatu na debe la mahindi. Sikumngoja hata apumzike. Nilimketisha, nikatoa buti chini ya kitanda, nikaziweka mbele yake na kumwambia ni zangu. Alinitazama. Akainua ile ya kushoto, akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo taratibu, kutoka juu hadi chini, kisha akairudisha sakafuni na kwenda kulala bila kula. Usiku ule nilijua nimempoteza mama, au nimepoteza Lukanda.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya chanjo. Nilipoamka hakuwepo. Kitanda kimetandikwa, kanga yake haipo. Osward akaniambia amemwona akiondoka na kina mama usiku wa manane. Nilidhani amerudi Itaka kwa miguu. Nilipanga barafu nikilia, nikafunga kasha, nikaondoka kwa sababu barafu haisubiri.

Mjomba, nilimkuta juu ya mgongo wa tatu. Amekaa peke yake pembeni mwa njia, miguu imejaa tope, na mawingu yote yako chini yake. Wenzake wa Lukanda walishatangulia. Nikazima injini. Kisha akasema, "Hivi hapa ndipo unapopita?" Nikasema ndiyo Mama. Akasema, "Mungu wangu. Na wale kule chini wanakusubiri wewe?" Nikasema ndiyo. Alizitazama zile kanga kwa muda mrefu.

Akainuka, akaja kupiga magoti mbele ya pikipiki. Akavuta bizimu moja moja, kuanzia chini kwenda juu. Akajaribu kuingiza kidole kifundoni, kikakataa. Akaenda mguu wa pili. Alipomaliza akajifuta mikono kwenye kanga na kusema, "Teremka. Mimi nitakuja kwa miguu."

Nikamwambia, Mama, geukia huko, usitazame. Tangu Rubeni aumie hajawahi kutazama pikipiki ikipita, hata barabarani huelekeza uso ukutani. Akanijibu, "Teremka, nimesema."

Niliteremka. Sijawahi kuwa makini vile. Miguu ilikaa imara ndani ya buti, na njia nzima sikuthubutu kuangalia nyuma. Nilipofika chini, kando ya foleni, nilisimamisha pikipiki nikageuka. Mawingu yalikuwa yamefunguka. Alikuwa bado amesimama palepale juu, mdogo sana, uso ameuelekeza kwangu.

Mpwa wako,
Tusekile